SQLite si kanzidata ya kubezwa

Mafundi wengi huibeza SQLite kwa udogo wake, ilhali ndiyo inayotunza ujumbe wa WhatsApp simuni mwako. Mmarekani D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, alipokuwa akiandika programu ya manowari. Seva ya kanzidata ilipozimika, programu nayo ilikwama. Akataka kanzidata isiyotegemea seva, data zote zikae katika faili moja.

Uhodari wake utauona umeme ukikatika. Kabla ya kubadili ukurasa wowote wa faili, SQLite kwa kawaida huunakili kwanza ulivyo kwenye faili la pembeni, yaani jarida, na kuhakikisha nakala imefika diskini. Ndipo huandika mapya. Yakishatua salama, jarida hufutwa, na hapo ndipo kazi huhesabika imekamilika. Umeme ukikatika katikati, programu ikifunguliwa tena hulikuta jarida na kurudisha kurasa za zamani. Kwa hiyo duka la dawa halikuti stoo imepunguzwa huku mauzo hayakuandikwa, mradi mtengenezaji ameyafunga yote mawili katika muamala mmoja. Inauma basi kuona mtu ananakili faili kuu kwenye flashi programu ikiwa kazini, jarida akaliacha. Nakala ya namna hiyo yaweza kuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

SQLite yenyewe haina nywila. Anayelipata faili husoma yote, hivyo taarifa nyeti zisimbwe, kwa mfano kwa SQLCipher. Tena rekodi iliyofutwa yaweza kubaki ndani ya faili mpaka nafasi yake iandikwe upya. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, lakini kompyuta kuukuu za zahanati zikiuzwa bila kusafishwa diski, siri za wagonjwa huenda nazo.

Watu mia wakiandika kwa pamoja, hamia kanzidata ya seva kama PostgreSQL: SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, na PostgreSQL humpa kila mtumiaji mipaka yake. Ila ukubwa si usalama. Januari 2017 wahalifu walifuta maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi mtandaoni bila nywila, wakadai fidia.

Mbali na simuni, utaikuta SQLite kwenye vivinjari, televisheni, magari, hata ndege za Airbus A350.