Likasi: Kabla ya kumnunulia mtoto yauti, geuza kopo usome

Katika mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, yauti imekuwa zawadi ya mtoto. Mzazi akitoka kazini anapita kwenye alimentasio, anachagua kopo lenye picha ya fraizi ama ndizi, na akifika nyumbani mtoto anamkimbilia. Wengi wanafanya hivyo wakijua wanaleta afya nyumbani, kwa sababu yauti ni maziwa na maziwa yanajenga mifupa. Kwa yauti yenyewe hilo ni kweli. Kwa kile kilicho ndani ya kopo lenye rangi nyingi, ni jambo la kuchunguza.

Wanaohusika zaidi ni watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Tumbo lao ni dogo, na kila kijiko kinachoingia kinachukua nafasi ya kingine. Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba nchini Kongo watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano wamedumaa, ni kusema ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi anakula na kushiba. Kinachokosekana ni chakula cha kujenga mwili, na sukari haijengi mwili.

Likasi si nchi ya ng'ombe. Ndugu zetu wa Masisi na Goma, wanaokunywa mashanza tangu utoto, wanaweza kushangaa mtu akihitaji maelezo juu ya maziwa yaliyoganda. Lakini huku kwetu, katika mji wa shaba na kobalti ulio kilometa kama 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya RN1, maziwa mengi ni ya unga, na chakula kingi cha dukani kinaingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini. Ndiyo maana mzazi anakuta mbele yake vitu vya aina tofauti vinavyoitwa vyote yauti: makopo ya kutoka nje, sacheti zinazotengenezwa na akina mama wa mtaa kwa maziwa ya unga, na chupa za vinywaji vya maziwa vinavyokaa juani bila kuharibika.

Hivi vya mwisho vingi si yauti. Kanuni ya kimataifa ya Codex inasema yauti ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria wa aina mbili wanaofanya kazi pamoja, na bakteria hao wanapaswa kuwa hai kwa wingi hadi siku ya mwisho ya matumizi. Bidhaa ikipashwa moto tena baada ya kuganda ili idumu miezi bila frigo, bakteria hao wanakufa. Kwenye kopo utasoma "traité thermiquement après fermentation", ama jina litabadilika kidogo tu: "boisson lactée", "spécialité laitière", "dessert lacté". Hazina sumu, lakini anayezinunua akidhani amepata yauti amelipa kitu kingine.

Tuje kwenye sukari, maana hapo ndipo pana mambo.

Maziwa yana sukari yake ya asili. Yauti nature, isiyotiwa kitu, ina gramu 4 hadi 5 za sukari hiyo katika kila gramu 100, na hiyo haina shida. Sasa tafuta nyuma ya kopo mstari ulioandikwa "dont sucres". Ukikuta 13, toa 5: kiwandani waliongeza gramu kama 8, sawa na vijiko viwili vya chai. Kopo la kawaida la gramu 125 linakuwa na gramu 10 za kuongezwa. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu zote anazopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 5. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahitaji kama kilokalori 900 kwa siku, maziwa ya mama yakihesabiwa. Asilimia 5 ya hizo ni gramu 11 za sukari. Kopo moja tu, na karibu yote imekwisha kabla hajaonja biskuti wala juisi.

Kuna na madhara ya polepole: meno yanayotoboka mapema, na ulimi unaozoea utamu hadi mtoto anakataa uji wa kawaida na lenga-lenga. Mwenye mtoto wa miaka miwili anayesukuma sahani ya bukari na kuonyesha kidole kwenye frigo anajua tunasema nini.

Wengine wataona "sans sucre" na kufurahi. Soma zaidi. Viwanda vingine vinaondoa sukari na kuweka dawa za utamu: aspartame (E951), acésulfame-K (E950), sucralose (E955). Mwongozo wa OMS wa 2023 juu ya chakula cha watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wasipewe dawa hizo, wala vinywaji vitamu. Rangi ya manjano E102 nayo ina historia yake: tangu Julai 2010, Ulaya inalazimisha chakula chenye rangi hiyo kubeba onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Ukisoma "arôme fraise", elewa ni harufu; tunda linaweza kuwa halikupita hapo kabisa. Na "0 %" ni ya watu wazima wanaotafuta kupunguza uzito. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ya maziwa kwa ubongo wake na nguvu zake, kwa hiyo tafuta "lait entier".

Njia fupi ni hii: orodha ya vilivyomo inapangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Yauti nzuri ya mtoto ina orodha ya mstari mmoja, maziwa na "ferments lactiques", basi. Maziwa ya unga si ubaya, ila angalia kama ni maziwa kweli. Unga mwingi unaouzwa Afrika ni maziwa yaliyoondolewa mafuta yake na kutiwa mafuta ya mawese. Kwenye pakiti wanaandika "matière grasse végétale". Sukari ikiwa ya pili kwenye orodha, rudisha kopo kwenye rafu.

Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ndiyo inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Lakini chakula kuruhusiwa kuuzwa ni jambo moja, na kumfaa mtoto wa miezi kumi ni lingine. Viwanda vikubwa pia havitengenezi sawa kwa kila nchi. Aprili 2024, shirika la Uswisi Public Eye pamoja na IBFAN walionyesha kwamba uji wa Cerelac unaouzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulikuwa na sukari ya kuongezwa, wakati Uswisi kwenyewe Nestlé inauza uji wa watoto usio nayo. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Ndiyo sababu jicho la mzazi linabaki na kazi.

Shida ya pili ni baridi. Yauti ya kweli inataka kukaa chini ya digrii 6 hivi, na mji huu, hata kama uko jirani na mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni, unaijua delestaji vizuri. Frigo ya alimentasio ikizimwa usiku na kuwashwa asubuhi, tarehe iliyoandikwa kwenye kopo haina maana tena. Gusa kopo kabla ya kulipa: kama ni vuguvugu, acha. Kama kifuniko kimevimba, hewa imetoka kwa vijidudu vinavyofanya kazi ndani, acha pia. Maji kidogo ya manjano juu ya yauti hayana neno. Ukungu una neno, na kuukwangua kwa kijiko hakusafishi kilichobaki. Kugandisha kuwa barafu nako hakuui vijidudu vibaya, kunavilaza tu.

Na sacheti za akina mama? Wapo wanaozidharau moja kwa moja. Mimi sikubaliani nao. Yauti iliyotengenezwa jana na mama unayemfahamu inaweza kuwa bora kuliko kopo lililosafiri siku nyingi kwa lori. Muulize maji yalichemshwa ama hapana, aliitengeneza lini, alitia sukari vijiko vingapi. Akikasirika kwa maswali hayo, tafuta mwingine. Faida kubwa ni kwamba unaweza kumwambia akutengenezee nusu lita bila sukari, kitu ambacho kiwanda cha Lusaka ama Johannesburg hakiwezi kukufanyia. Ila mtoto mdogo asinyonye sacheti yenyewe, kwa sababu imepita mikono mingi; mimina kwenye kikombe safi.

Kazi ya namna hiyo imeshafanyika si mbali. Mjini Mwanza, Tanzania, mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane katika mtaa wa Mabatini walianza kutengeneza yauti kwa ushirikiano na programu ya Western Heads East ya chuo kikuu cha Western, Canada. Lengo la kwanza lilikuwa kusaidia watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Bila kiwanda kikubwa, yauti ilitoka kwenye jiko la mtaa ikawafikia majirani.

Tukumbushe umri. Chini ya miezi sita mtoto ananyonya tu, hapewi yauti wala maji. Kuanzia miezi sita anaweza kuonja vijiko viwili vitatu vya yauti nature, huku mama akiangalia kama kuna vipele, kutapika ama kuvimba midomo. Kunyonyesha kunaendelea hadi miaka miwili na kupita. Asali haitiwi ndani kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Mtoto akiharisha, dawa ni ORS na zinki kutoka kituo cha afya. Yauti tamu inaweza kuongeza maji ya kuhara.

Wapo pia wanaosema munkoyo ndiyo yauti yetu. Munkoyo ni kinywaji kizuri cha mahindi kilichochachuka, lakini hakina maziwa, na kikikaa sana kinaanza kuwa na pombe. Si cha mtoto wa mwaka mmoja.

Yauti pia haina madini ya chuma ya kutosha. Mtoto anayejazwa yauti kutwa anaweza kukosa damu. Kama pesa ya leo inatosha kitu kimoja, yai ama kipimo cha ndakala zilizosagwa ndani ya uji pamoja na karanga kinamfaa zaidi kuliko kopo la fraizi. Mzazi asiyenunua yauti hajamnyima mtoto kitu cha lazima.

Anayetaka kujaribu nyumbani, achemshe maji kama lita moja, akoroge ndani gramu 130 za maziwa ya unga ya "lait entier", kisha aache yapoe. Tone moja likiwekwa kwenye kiganja liwe na joto bila kuunguza. Atie vijiko viwili vikubwa vya yauti nature yenye bakteria hai. Akikosa nature, hata ile ya sukari inaweza kuanzisha mara ya kwanza. Afunike, azungushie blanketi ama amimine kwenye termosi safi, na asiitikise kwa saa sita hadi nane. Asiye na frigo atengeneze nusu lita jioni, iliwe asubuhi na kumalizwa siku hiyo hiyo. Utamu utatoka kwenye ndizi iliyoiva iliyopondwa, papai, ama embe wakati wake ukifika. Kabla ya kumpa mtoto, toa vijiko viwili na uvifunike vizuri: ndivyo vitakavyogandisha yauti ya jioni inayofuata.