Mfano wa Jukwaa na Funzo la Kamiriithu

Mwanafunzi wa ubunifu wa jukwaa chuoni, kabla ya kukabidhiwa taa au maleba, hufundishwa kuunda mfano mdogo wa jukwaa. Kipimo kilichozoeleka ni 1 kwa 25: mwigizaji wa sentimita 175 huwa kijisanamu cha sentimita 7. Katika mfano huo hudhihirika mapema mlango uliosongamana mno, au nguzo itakayomziba mtazamaji wa pembeni, wakati ambapo kosa bado hurekebishwa kwa mkasi.

Wapo wadhanio kuwa maarifa haya ni milki ya vyuo. Kamiriithu, karibu na Limuru, yakanusha dhana hiyo. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa huko walijijengea uwanja wa maonyesho usio na paa, wa kuwatosha watu zaidi ya 2,000, ili kuigiza Ngaahika Ndeenda. Jukwaa lake lilijengwa kwa kufuata mfano wa njiti za kiberiti, uliotengenezwa na tarishi wa ofisi. Jukwaa la namna hiyo huzusha maswali ambayo ukumbi wenye kuta hauyazushi: sauti isiyorudishwa na ukuta itawafikiaje walioketi nyuma? Taa ni za nini, jua likiwaka? Mhitimu atakayepangiwa shule isiyo na ukumbi atakutana na maswali hayo hayo.

Kibali cha mchezo kiliondolewa Novemba 1977, na Machi 1982 polisi wakaubomoa uwanja. Mwanafunzi wa leo hawezi kwenda kuupima. Hana budi kuuunda upya kutokana na maelezo ya waliouona, kwa njiti zake mwenyewe.