Vijiti vya RAM Vinavyokubaliana

Kila Juni inapoelekea ukingoni, saiba za Ukunda na Msambweni hujaa watu wanaowahi kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Kompyuta moja inafungua iTax, eCitizen na barua pepe kwa wakati mmoja, printa inasubiri, na mashine yenye gigabaiti 4 za RAM inaanza kusuasua. Mwenye saiba huambiwa aongeze RAM, na mara nyingi ushauri huo ni wa haki. Tatizo liko kwenye namna ya kuongeza. Kijana hutumwa Mombasa na agizo la maneno machache, "niletee ya GB 4", anavuka feri ya Likoni na kurudi na kijiti ambacho pengine hakiingii kabisa. Pengine kinaingia lakini mashine haiwaki. Na pengine, hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kinaingia, mashine inawaka vizuri, kisha baada ya siku kadhaa faili za wateja zinaanza kuharibika na lawama vinabebeshwa virusi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba RAM ndiyo inayokwamisha kazi. Wakati saiba imejaa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance kisha Memory. Ikiwa matumizi yanagota asilimia 90 na kukaa hapo, RAM ni haba. Ikiwa yako 50 au 60 na bado mashine inajikokota, tazama diski: kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka itafaidika zaidi ukiiwekea SSD kuliko ukiiongezea RAM. Ukurasa huohuo wa Memory unaonyesha kasi ya RAM iliyopo na nafasi ngapi zimejaa kati ya ngapi. Programu ya bure ya CPU-Z huenda mbali zaidi, maana kwenye ukurasa wake wa SPD inataja aliyetengeneza kila kijiti na namba yake ya bidhaa.

Mashine nyingi za mezani tunazofungua huku kwetu ni zile ziitwazo ex-UK, kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika ng'ambo. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 au HP EliteDesk 800 G1 ya 2013. Zile za umbo la mnara zina nafasi nne za RAM aina ya DDR3, na hupokea hadi gigabaiti 32. Kwenye lebo ya kijiti chake utasoma kitu kama "4GB 1Rx8 PC3-12800U". Maandishi hayo ndiyo yanayopaswa kuvuka feri, na bora zaidi ni kwenda na kijiti chenyewe mfukoni kikiwa ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli.

PC3 inamaanisha kizazi cha DDR3. Kizazi hakichanganywi kwa vyovyote: DDR3 ina miguu 240, DDR4 na DDR5 zina miguu 288 kila moja, na pengo lililokatwa ukingoni limewekwa mahali tofauti makusudi ili kijiti cha kizazi kingine kisiingie. Kikigoma kuingia, usikilazimishe. Ile 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, yaani miamala milioni 1600 kwa sekunde ikizidishwa kwa baiti 8. 1Rx8 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa. Herufi ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. U ni RAM ya kawaida ya mezani. R ni ya seva. Inaingia kwenye nafasi ya DDR3 bila kizuizi, na mashine ya ofisi haitawaka nayo. S ni fupi, ya laptopu, na hutumika pia kwenye zile kompyuta ndogo za mezani zinazofungwa nyuma ya skrini.

Ukiona PC3L, hiyo L ni ya umeme mdogo: volti 1.35 badala ya 1.5. Kijiti cha 1.35 kwa kawaida hustahimili 1.5, kwa hiyo kinaweza kukaa na mwenzake wa kawaida. Kinyume chake si salama, kwani mashine iliyoundwa kwa 1.35 pekee haitakipa kijiti cha 1.5 umeme kinaouhitaji. Kuna mtego mwingine: vijiti vya bei ya chini vya gigabaiti 8 za DDR3 vilivyoandikwa kwamba ni vya AMD tu. Maandishi hayo ni ya kweli. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel za wakati huo hazielewi, na mashine za saiba zetu kwa wingi ni za Intel.

Sasa tuseme kizazi ni kimoja na herufi ni ileile, lakini kasi zinatofautiana. Kila kijiti kina chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake: ukubwa, kasi na muda kinaohitaji kabla ya kujibu. Unapobonyeza swichi, BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine, husoma maelezo ya vijiti vyote na kuchagua mwendo ambao hata yule mzito ataumudu. Weka cha 1600 pamoja na cha 1333, vyote viwili vitakwenda 1333. Hapo hakuna kilichoharibika, umepoteza kasi tu. Matatizo huja pale vijiti vinapodai kukubaliana kwenye maandishi huku tabia zao za umeme zikipishana kidogo. Kosa moja hutokea kati ya miamala mingi mno, herufi moja inabadilika ndani ya hati, au Windows inaangukia skrini ya buluu mchana joto linapopanda.

Prosesa za mashine hizi zina njia mbili za kufikia RAM, na hufanya kazi vizuri zaidi njia zote mbili zikibeba sawa, kama mzegazega wenye ndoo mbili za maji yaliyo sawa. Kwa DDR3 ya 1600, njia moja hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, na mbili hupitisha 25.6. Ukiweka 4 na 8, Intel hugawa: gigabaiti 8 za kwanza zinatumia njia mbili, 4 zilizobaki zinatumia moja. Tofauti huonekana zaidi kwenye kompyuta zisizo na kadi ya picha, kwa sababu picha za skrini nazo zinachota kwenye RAM hiyohiyo. Vijiti pacha viwekwe kwenye nafasi za jozi moja. Mara nyingi watengenezaji huzitofautisha kwa rangi, lakini mpango si mmoja kwa wote, kwa hiyo angalia mchoro ulio kwenye kitabu cha mashine.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu kwa saiba ni kununua jozi, hata kama ina maana ya kuondoa kijiti cha zamani. Jozi iliyofungwa kiwandani imepimwa pamoja. Namba ya bidhaa inayofanana ni dalili njema lakini haitoshi peke yake, kwani mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu ndani ya bidhaa yenye namba ileile miaka inapopita.

Pwani ina adui wa ziada. Hewa ya chumvi ya Diani huacha ukungu kwenye miguu ya kijiti na ndani ya nafasi yake, na mashine iliyokuwa nzima hugoma kuwaka mara tu unapovisogeza vijiti. Mashine za HP za kizazi hiki hulia mara tano zikikosa kusoma RAM. Usikimbilie kusema vijiti havilingani. Ng'oa waya wa stima, bonyeza swichi kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha, toa kijiti na upanguse miguu yake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili. Kikauke kabisa kabla ya kukirudisha, na ubonyeze hadi vibano vifunge vyenyewe.

Kisha pima. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows uruhusu mashine ijiwashe upya, au tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi na uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukataa. Likitokea, pima kila kijiti peke yake katika nafasi ileile ili umjue mwenye ila, na ukirudishe dukani siku za dhamana zikiwa bado.

Kuhusu fedha, msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiungi mkono rasmi prosesa za Intel za kizazi cha tatu na cha nne zilizo ndani ya mashine nilizozitaja. Ikiwa hizo ndizo ulizonazo, jozi ya 4 na 4 iliyotumika inatosha, hasa ukihamia Linux. Fedha za 8 na 8 mpya ziwekee mashine ya DDR4 yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na uulize bei mapema, maana RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde.