Jina na Kilo Zisitenganishwe

Mwaka jana mama alirudi kutoka kituo cha maziwa na karatasi ya malipo mkononi, machozi yakimlengalenga. Daftari lake dogo lilisema alipeleka kilo 212 mwezi huo. Karatasi ikasema 121. Naye jirani mwenye ng'ombe mmoja aliyekonda alilipwa kama mwenye boma zima! Je, kulikuwa na mwizi? La hasha. Karani alikuwa ameandika majina katika safu moja ya tarakilishi na kilo katika safu nyingine, kisha akapanga majina peke yake kwa alfabeti. Majina yakahama, kilo zikabaki palepale.

Anayejifunza kuandika programu huanzia kosa hilohilo. Kigeu ni kisanduku chenye jina ambacho programu huwekea thamani. Mkulima akiwa mmoja, vigeu vitatu vyatosha: jina, kilo, tarehe. Wakiwa mia, unatengeneza orodha tatu, na kinachoziunganisha ni nafasi tu, yaani jina la tano ni la kilo za tano. Futa jina moja, basi, kwisha kazi!

Dawa yake ni rekodi: kisanduku kimoja kikubwa chenye vijisanduku ndani. Si jambo geni. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa kazi za biashara, ilikuwa nazo, na Niklaus Wirth akazitia katika Pascal mwaka 1970. Katika Python twaweza kutumia kamusi:

mkulima = {"nambari": 47, "jina": "Wanjiru", "kilo": [7, 8, 6]}

Sasa tazama safari ya maziwa. Yanapimwa kwa laktomita isije ikawa yametiwa maji, yanapimwa uzani, yanaandikwa, deni la chakula cha ng'ombe linakatwa, ndipo malipo. Kila hatua ipokee rekodi nzima, iongeze lake, iipitishe mbele. Ni kama faili ya mgonjwa, ambayo hutoka kwa daktari ikaenda maabara, ikarudi, ikafika kwenye dawa. Nani angekubali jina lake libaki mlangoni na majibu ya damu yatangulie peke yake? Tena chama kikiamua kulipa kwa simu, unaongeza kijisanduku cha nambari ya simu, na hatua ya laktomita haiguswi kamwe.

Lakini kuna mtego, nao ulininasa mimi mwenyewe. Nilitengeneza rekodi moja kabla ya kitanzi, nikawa nabadilisha yaliyomo kwa kila mkulima na kuitia katika orodha. Lo! Nilipochapisha, wakulima wote walikuwa mtu mmoja, yule wa mwisho. Kumbe Python haikuwa ikitia nakala. Ilikuwa ikielekeza kwenye kisanduku kilekile kila mara. Rekodi mpya itengenezwe ndani ya kitanzi, kila mkulima na yake.

Na utafutaji ufanywe kwa nambari ya uanachama, si kwa jina. Kijijini kwetu akina Wanjiru ni wengi ajabu.

Mama alilipwa kilo zake 91 mwezi uliofuata. Lile daftari dogo hajaliacha.