Jina la Bidhaa Hulindwa kwa Maelezo: Namna Biashara za Mbeya na Iringa Zinavyoweza Kukuza Blogu Zenye Tija

Mchele wa Kyela umejipatia sifa ya harufu na ladha nchi nzima, na sifa hiyo imekuwa mtaji kwa watu wengi, wakiwamo wasiowahi kufika Kyela. Sokoni, muuzaji anayetaka kumaliza mzigo wake upesi huweza kulitaja jina hilo hata kama magunia yake yametoka bonde jingine kabisa. Mnunuzi hana wa kumuuliza, na mkulima aliye kando ya Ziwa Nyasa hana nafasi ya kujibu. Faida ya jina huenda kwa aliyelitamka, si kwa aliyelima.

Pengo hilo la maelezo ndilo linaloweza kuzibwa na blogu ya biashara. Hii ni sehemu ya tovuti ambamo mwenye biashara huchapisha makala mara kwa mara, akieleza bidhaa yake, chimbuko lake, matumizi yake na namna ya kuipata. Tangazo humwambia mteja anunue. Makala humpa sababu ya kuamini. Kwa wazalishaji na watoa huduma wa Nyanda za Juu Kusini, ambao wateja wao wengi wako mbali, imani hiyo ndiyo msingi wa mauzo.

Njia ya kuwafikia wateja hao ipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Iringa na Mbeya, na simu janja zimekuwa chombo cha kawaida cha kutafutia bidhaa. Kinachopungua mara nyingi ni maandishi yenye majibu.

Uzoefu wa miaka ishirini

Blogu si jambo geni nchini. Mwaka 2005, Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti ya Serikali, alianzisha blogu iliyokuja kufuatiliwa na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Mjini Iringa, mwandishi Maggid Mjengwa naye aliendesha blogu iliyobeba jina lake, na kuthibitisha kwamba si lazima mtu aishi Dar es Salaam ili asomwe. Hizo zilikuwa blogu za habari na maoni, lakini mfanyabiashara anaweza kujifunza jambo moja kutoka kwazo: msomaji hurudi pale anapojua kwamba atakuta kitu kipya na cha kuaminika.

Kuanza na swali la mnunuzi

Kosa la kawaida la blogu nyingi za biashara ni kujaza sifa. Kueleza kuwa bidhaa ni "bora" na huduma ni "ya viwango vya juu" hakumsaidii mtu anayetaka kujua kama atoe fedha zake au la. Blogu hukua inapojibu maswali ambayo wateja huuliza kweli, dukani na kwenye simu.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mchele jijini Mbeya. Mkoa huo una maeneo mawili mashuhuri ya mpunga: Kyela, kwenye tambarare za kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na Mbarali, katika bonde la Usangu lenye skimu nyingi za umwagiliaji. Makala moja inayoeleza tofauti ya michele hiyo miwili, mwezi ambao mzigo ulivunwa, kiwango cha chenga na kiasi cha maji ya kupikia, humfaa mnunuzi kuliko matangazo kumi. Humlinda pia muuzaji wa Mbarali, ambaye mchele wake unastahili kuuzwa kwa jina lake wenyewe.

Muuzaji wa parachichi wa Rungwe naye hukutana na lawama kwamba tunda limenyauka bila kuiva. Maelezo yake ni ya kitaalamu lakini si magumu: parachichi haliivi likiwa mtini, bali baada ya kuchumwa, na likichumwa kabla ya kukomaa husinyaa na kuwa gumu kama mpira. Anayelieleza jambo hilo kwa picha zake mwenyewe, akaonyesha anavyopima ukomavu kabla ya kuvuna, hupunguza malalamiko na kujitofautisha na wanaochuma mapema.

Mkoani Iringa, mwenye nyumba ya wageni anaweza kuandika kuhusu safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyo takribani kilomita 130 kutoka mjini: kwamba kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, wanyama hukusanyika zaidi kando ya Mto Ruaha Mkuu, na kwamba baridi ya Juni na Julai humtaka mgeni abebe sweta. Kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya milulu kinaweza kueleza hatua za usukaji, vipimo vya kila kikapu na siku zinazohitajika kukamilisha oda. Mnunuzi anayejua kazi iliyomo ndani ya kikapu haoni tena kuwa bei ni kubwa.

Kila makala ijibu swali moja, na kichwa chake kitumie maneno ambayo mteja mwenyewe angeyaandika anapotafuta mtandaoni. Anayetafuta huandika "namna ya kutambua mchele wa Kyela". Haandiki "suluhisho bunifu za nafaka". Kiswahili cha kawaida na sanifu huwafikia wengi zaidi, na makala ya Kiingereza inaweza kuongezwa pale biashara inapolenga watalii au soko la nje.

Kudumu kuliko kuvuma

Blogu haileti matunda kwa wiki moja. Mitambo ya kutafutia taarifa huchukua muda kuitambua tovuti mpya, na wasomaji huchukua muda kuizoea. Kwa sababu hiyo, makala moja kila wiki kwa mwaka mzima ina thamani kuliko makala kumi za mwezi wa kwanza zikifuatwa na ukimya. Kalenda ya kilimo na utalii husaidia kupanga mada: maandalizi ya shamba, mavuno, hifadhi ya mazao, msimu wa wageni. Makala za zamani nazo zipitiwe, bei na tarehe zirekebishwe, kwa kuwa taarifa iliyopitwa na wakati hubomoa imani.

Kurasa ziwe nyepesi. Wasomaji wengi hutumia simu na vifurushi vya kununua, hivyo picha kubwa zisizopunguzwa humfanya mteja aondoke kabla ukurasa haujafunguka.

Mitandao ya kijamii inafaa kusambaza makala, lakini isiwe nyumba pekee ya biashara. Akaunti inaweza kufungwa au kudukuliwa, na taratibu za mitandao hubadilika bila mtumiaji kushirikishwa. Tovuti yenye anwani inayoishia na .co.tz hubaki mikononi mwa mwenye biashara, maadamu analipia ada zake kwa wakati.

Kipimo cha mafanikio nacho si idadi ya waliopenda picha. Mwenye biashara ajue ni wangapi walipiga simu, waliotuma ujumbe na walionunua baada ya kusoma. Njia rahisi ni kumuuliza kila mteja mpya alikoipata taarifa na kuandika jibu lake daftarini.

Kuzingatia sheria

Uaminifu wa blogu huenda pamoja na wajibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki kujitambulisha na kutoa taarifa za msingi kuhusu bidhaa na bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa kila anayekusanya majina na namba za simu za wateja. Picha na maandishi ya wengine yanalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Anayekusudia kuchanganya biashara na uchapishaji wa habari athibitishe mapema mahitaji ya leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya. Jina au nembo ya bidhaa isajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na madai ya ubora wa chakula yaendane na viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) zilizopo Mbeya na Iringa hutoa ushauri kwa wajasiriamali wadogo.

Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini hilo lilitosha pale mnunuzi na muuzaji walipokutana soko moja. Leo gunia la Kyela huvuka Kitonga na kufika mikononi mwa mtu asiyemjua aliyelilima. Mkulima, msukaji na mwenye nyumba ya wageni wanaoandika ukweli wa kazi yao, wiki baada ya wiki, humpa mnunuzi huyo mahali pa kuuliza na kupata jibu.