Malenga Hakulelewa Pweke



Wengi wetu tuliijua sauti ya Mohamed Khamis Juma Bhalo kabla ya kuuliza ni nani aliyemtungia. Sauti ilikuwa yake. Maneno, mara nyingi, yalikuwa ya binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo.

Ahmad Nassir alizaliwa Mombasa mwaka 1936, katika ukoo uliojaaliwa ufasaha. Nduguye mkubwa, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na msemaji hodari. Nduguye mdogo, Abdilatif Abdalla, alifungwa kwa ajili ya maandishi yake ya siasa tangu 1969 hadi 1972, na tungo alizoziandika gerezani zikawa diwani ya Sauti ya Dhiki. Binamu naye akapewa koo.

Mwaka 1966, Ahmad Nassir akiwa na umri wa miaka 30 hivi, tungo zake zilichapishwa Marekani chini ya uhariri wa Lyndon Harries. Miaka 5 baadaye ikatoka diwani yake, Malenga wa Mvita. Lakini watu wa Mwambao hawakuingoja diwani. Lahani nyingi za Bhalo zilifuata mahadhi ya filamu za Kihindi, ila ndani yake mlikuwa na Kimvita safi, vina vimetimia na mizani imekaa sawa. Hivyo mama ambaye hakupata kufungua kitabu cha mashairi aliyahifadhi maneno ya malenga huku akipika, na wanawe wakayasikia.

Hatuandiki haya ili kutoa hukumu juu ya ala. Wanachuoni wana kauli zao, na kila mmoja ana sheikh wa kumuuliza. Tunalolitazama ni malezi. Kijana yule hakuokota lugha njiani. Aliikuta kwa jamaa zake, ikithaminiwa, kisha akaiongezea.

Leo wana wetu wanarudi madrasa wakatukuta kila mtu ameinamia simu yake. Kipaji huenda kimo nyumbani, lakini kitajuaje kusema, nasi hatusemi?

Basi wiki hii, baada ya sala ya Isha, tumwombe bibi atusomee beti moja aliyoihifadhi, na watoto waulize maana ya kila neno wasilolijua. Hilo halina gharama, na bibi hatakuwa nasi daima.

Wabillahi tawfiq.