Fungurume: mgongo ukiuma, operesheni si njia ya kwanza

Fungurume iko kwenye barabara kuu kati ya Likasi na Kolwezi, na kazi nyingi za pale zinabebwa na mgongo. Mchimbaji wa mikono anainama ndani ya shimo, kisha anapandisha gunia la mawe begani. Dereva wa lori la mgodi anatikisika kwenye kiti tangu asubuhi. Mama anarudi kutoka shamba na mihogo kichwani. Jioni wote wanatafuta dawa ileile: ya kiuno, ya magoti, ya mguu unaowaka kama moto.

Dawa inayopatikana haraka ni ya dukani: diklofenaki, au vidonge vya prednisoloni na deksametazoni, bila karatasi ya daktari. Maumivu yanatulia kweli, ndiyo maana mtu anarudi kununua. Lakini diklofenaki ya kila siku inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu mafigo na kupandisha tansio. Prednisoloni ya miezi mingi inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini.

Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yasiyoisha, na wote unahusu matibabu bila kisu. Lilihesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Linashauri mgonjwa aelezwe vizuri shida yake, afanye mazoezi, akandwe na mtu aliyesomea, asaidiwe pia na mawazo yake. Halishauri mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa kali za jamii ya tramadoli. Mikanda ile watu wanaipenda sana, lakini pesa yake ingelipa seansi ya kine.

Kine, yaani tiba ya viungo, haianzi na mashine. Mtaalamu anauliza kazi yako, anaangalia unavyoinama, anapima nguvu ya miguu, halafu anakupa mazoezi. Hata siatiki, maumivu yanayoshuka kutoka kiuno hadi mguuni kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa, kwa wagonjwa wengi inapungua ndani ya wiki 6 hadi 12 bila operesheni. Kulala kitandani siku nyingi kunachelewesha kupona. Kwa goti, zoezi moja ni rahisi: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, hesabu hadi 10, shusha polepole.

Shida ya mtu wa Fungurume ni safari. Kolwezi kwenye hospitali ya Mwangeji, au Lubumbashi kwa Sendwe, huwezi kwenda kila juma. Kwa hiyo kabla ya safari uliza kama huduma ya kine ipo na bei ya seansi. Ukifika, omba ufundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani, uandikiwe kwenye karatasi, na upewe tarehe ya kurudi.

Kuna maumivu yasiyongoja kine. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, kukonda na kinundu mgongoni vinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na dawa zake zipo. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa yanayorudi-rudi apimwe SS. Nyayo zikiwaka, pima sukari. Na kama unakunywa dawa za kifua kikuu, mwambie muuguzi, kwani vitamini B6 inaweza kusaidia. Aliyeanguka shimoni asiinuliwe kwa mikono na miguu: alazwe juu ya ubao, shingo isigeuzwe.

Kuhusu nani analipa: Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri atoe matibabu kwa mfanyakazi na familia yake, na ajali ya kazini inapaswa kutangazwa kwa CNSS. Mwenye mkataba, hata kwa kampuni ndogo inayofanyia kazi mgodi mkubwa, aulize kituo gani cha afya kinampokea na aweke nakala ya kila karatasi. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri wa kumdai. Yeye anaweza kuanza leo kwa kugawa gunia mara mbili.